Kiti cha Mbele Usimpe Salma

Nyemo mwanangu,

Kiti chako cha mbele usimpe Salma. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitafurahi, nikifurahi nitaropoka, na nikiropoka nitalisahau. Salamu zenyewe za nini, wakati asubuhi tumekunywa chai kwenye meza moja na umeniachia maganda ya viazi niokote.

Wewe na Salma mmekwenda Hombolo kumuaga bibi yako, nami nimerudishia mlango mmoja wa duka ili wateja wadhani sipo. Hawadhani. Tangu nishike kalamu wanaingia tu, hakuna anayenunua hata pini, wote wanataka kusikia tena kwamba kesho mnapanda basi la Dar es Salaam na keshokutwa ndege ya kwenda India kusoma. Nami nawasimulia upya, tena kwa kuongeza. Fundi viatu wa hapo nje sasa anaamini mnakwenda kuwa madaktari wa moyo. Wewe unakwenda kusomea famasi na Salma uhasibu, lakini sikumsahihisha. Mwache naye afurahi, leo ni siku ya kila mtu kufurahi.

Habari za begi, pasipoti ikae mfuko upi, maji ya huko yachemshwe au yasichemshwe, baba yako ameshakuambia, na kwa vile yeye ndiye anayewasindikiza Dar atakuambia tena kuanzia stendi mpaka Morogoro. Mimi na Mama Salma tumekubaliana tuishie hapa hapa Dodoma, maana tukifika uwanja wa ndege tutalia mpaka askari watuulize. Kwa hiyo mimi nina jambo moja tu, na ndilo hilo la kiti.

Jana tulipokuwa tunachambua karanga za safari ulinieleza yaliyo moyoni. Mjomba wako Ndahani, tangu apate kazi katika ile kampuni ya simu, hajui kutoa zawadi ndogo. Umefaulu kidato cha sita, akakukatia tiketi ya daraja la mbele, lile la viti vinavyolala. Salma tiketi yake ni ya kawaida, ya nyuma, kama tunavyosafiri watu wote. Mmekua pamoja tangu mkitambaa chini ya kaunta hii, mmesoma darasa moja, mmeomba chuo kimoja, na sasa ndege moja inawagawa kwa pazia. Uliniambia tangu tiketi yako ifike Salma amepoa. Ukitaja safari anazungumzia mvua. Halafu ukanyoosha mgongo ukasema, "Mama, nimeamua. Tukifika kwenye ndege nitampa Salma kiti changu, mimi nikae nyuma. Mimi sina makuu."

Niliendelea kuchambua karanga, nawe ukadhani nakusifu kimoyomoyo. Nilikuwa najizuia nisipige ukelele. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu vilevile, na nusura yanipotezee Mama Salma. Nawe usipoangalia, keshokutwa yatakupotezea Salma.

Unatujua mimi na Mama Salma kama watu wa duka moja na kicheko kimoja. Hukumbuki kwamba kulikuwa na wakati duka hili lilikuwa mawili. Mlikuwa wadogo, tukawaambia tumelitenga ili tupake rangi.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa kupanga foleni ya sabuni ulipokwisha na watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, mimi nilikuwa nauza zabibu za Hombolo kwenye beseni pale sokoni Majengo. Mama Salma alikuwa anauza vitambaa meza ya pili. Wazee wake wamefanya biashara hapa tangu enzi za misafara, yeye akiona kitu cha kununuliwa damu inamchemka. Siku moja akanijia na kuniambia watu wanakwenda Dubai na kurudi na mapazia, na sisi tuna upungufu gani. Nilicheka. Mgogo mimi, mtoto wa wafuga mbuzi, hata Dar nilikuwa nimefika mara moja, kwenye msiba. Lakini jioni ile ile nilianza kuhesabu akiba yangu ya zabibu.

Safari ile ya kwanza nimewahi kukusimulia nusu. Nusu niliyoificha ni hii. Ndege mnaingilia mlango wa mbele, kwa hiyo kabla ya kufika kwenye viti vyenu mnapita katikati ya wale wa viti vikubwa, wameshakaa, wamekunja miguu, wanasoma magazeti. Sasa mimi nimelelewa wapi? Unapita vipi mbele ya watu wazima waliokaa bila kuwasalimia? Nikasimama kwenye kiti cha kwanza, nikainama, "Shikamoo baba." Kimya. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu. Walipozidi kunyamaza nikafikiri labda hawajui Kiswahili, nikajaribu Kigogo, "Mbukwenyi!" Nyuma yangu foleni imefika kwenye ngazi, jua linawaka, Mama Salma ananivuta kitenge. Mzee mmoja tu ndiye aliyeitikia marahaba, naye hakushusha gazeti.

Nilipofika kwenye kiti changu nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia Mama Salma kwamba watu wa mbele hawana adabu, wanajiona, pesa imewaziba masikio. Akanijibu labda wana usingizi. Sikutaka jibu hilo. Nilitaka wawe wabaya, ili mimi wa nyuma niwe mwema. Kuanzia siku hiyo kila tulipopita kwenye vile viti nilipita nimebinua midomo, nikijisifu ndani kwa ndani kwamba mimi ni mtu wa kawaida. Utashangaa jinsi sifa hiyo inavyonenepesha. Hata huko nyuma kwenyewe tulikuwa na makundi yetu. Sisi tuliokwishazoea Dubai tulikuwa tunawacheka wageni wasiojua kufunga mkanda, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Biashara ile, ambayo ndiyo iliyotufungulia duka hili, ilikuwa na ufundi wake. Mizigo inapimwa, kilo zikizidi unalipa, na malipo yanakula faida yote. Lakini mwili haupimwi. Kwa hiyo siku ya kurudi tulikuwa tunavaa mali. Nguo juu ya nguo, makoti juu ya makoti, Mama Salma na baibui juu ya yote, tunafika uwanjani tumevimba, tunatembea kwa kupepesuka, jasho linatiririka, na tunachekana mpaka mbavu zinauma. Tulikuwa tunasaidiana kufunga vifungo maana mikono ilikuwa haikunjiki. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya safari, kuliko hata Dubai yenyewe.

Basi siku moja tunarudi, tumeshavimba, tuko kwenye foleni ya kuingia ndege. Karani akaita jina langu. Nilidhani wamegundua makoti. Kumbe nyuma kumejaa, kuna mtu mmoja inabidi ahamishiwe mbele, bure, na bahati imeniangukia mimi. Mwanamke mmoja wa Kariakoo anayejua Kiingereza ndiye aliyenitafsiria, na foleni nzima ya wafanyabiashara wenzetu ikageuka kunitazama.

Nyemo, laiti ningesema asante nikaenda kukaa. Au ningesema hapana, nikanyamaza. Lakini niliona macho yale yote, nikasikia utamu. Nikasema kwa sauti ya kuhubiri, "Mpeni mwenzangu huyu. Yeye maskini hajawahi kukaa mahali pazuri. Mimi hata nikisimama nitafika."

Watu wakanisifu. Yule wa Kariakoo akasema nina roho ya peke yake. Mama Salma alinitazama, nami nikadhani furaha imemziba mdomo. Akachukua kadi ya kupandia, akaenda mbele na makoti yake na sufuria ya presha aliyoifunga kwa khanga.

Mimi nikapata kiti cha kwanza nyuma ya pazia, kwa hiyo nilisikia yote, na kwenye upenyo nikaona. Mhudumu akamwomba kwa heshima ampe koti alitundike. Akavua baibui, akatoa koti. Mhudumu akaona kuna jingine, akaomba na hilo. Akatoa. Likatokea la tatu, na lile la tatu lilikuwa bado lina karatasi ya bei inaning'inia kwenye mkono. Hapo mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu kule mbele kote. Na mimi, mwanangu, nyuma ya pazia, nilicheka. Nilikuwa najua yamebaki mangapi, ndiyo maana nilicheka kwa sauti kuliko wao. Unakijua kicheko changu, hata mtaa wa pili wanakijua. Mama Salma naye alikijua.

Tulishuka Dar, tukapanda basi la Dodoma, tukafika Gairo. Pale ndipo alipogeuka akasema taratibu, kama anauliza bei. "Kile kiti hukunipa mimi, Mama Nyemo. Uliwapa watu wa foleni, ili wakuone. Nimekaa na wewe nyuma safari zote hizo, sikujua kumbe unanihurumia."

Nilianza kujitetea, nikamwambia nilitaka mema. Akasema anajua nilitaka mema. Kisha akafumba macho mpaka Dodoma.

Tukagawana duka. Tukatundika pazia la maua katikati, huku lake, huku langu. Mteja akiingia upande wangu akaulizia mashuka, namwambia sina, na mashuka yako hatua mbili nyuma ya pazia. Wewe na Salma ndio mliokuwa mnapita chini yake kutwa, mnabeba habari, kwamba mama fulani anakula maandazi, mama fulani amenuna. Nilimpelekea salamu, nikampelekea kuku, nikamnunulia kitenge kizuri. Kila nilichompa alipokea, akashukuru, akazidi kuwa mbali. Nilikuwa bado natoa tu, sijaelewa.

Sikuja kuelewa kwa kufikiri. Nilielewa kwa shida. Safari iliyofuata kila mtu alikwenda kivyake, na Mungu alivyo na utani tukakutana Dubai kwenye foleni ya kupima mizigo. Yeye masanduku yake yote yalikuwa ya nguo nyepesi, kilo zake bado hazijajaa, lakini alikuwa amezidiwa na makoti ya kuvaa, hana wa kumfunga vifungo. Mimi, kwa ujinga wa kutaka kumpita kibiashara, nilikuwa nimenunua vyombo. Sahani tupu, mwanangu. Kilo zimezidi vibaya, karani ananitolea macho, na pesa ya kulipia sina. Nikasimama pale nimekonda kama mwiko, sina hata koti moja mwilini.

Kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kumpa. Nikamwendea, nikasema, "Mama Salma, nisaidie. Sahani hazivaliki."

Akanitazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku, na mimi nikakaa chini nikalia na kucheka pamoja, na askari akaja kuuliza kuna msiba gani. Tukafungua mizigo pale pale sakafuni. Sahani zangu zikaingia kwenye masanduku yake katikati ya nguo, makoti yake yakaingia mwilini mwangu, akanifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Tulikaa nyuma kabisa, karibu na choo, na sijawahi kusafiri vizuri kama siku ile. Pazia la maua tulilishusha wiki hiyo hiyo, akalishonea gauni la Salma.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani nasema kiti cha mbele ni dhambi. Ni kizuri. Mjomba wako hakukosea, anakupenda na anajivunia, na wewe umekipata kwa kusoma kwa taa ya chemli wakati wenzio wamelala. Ukikaa pale kaa vizuri, egemea, kunywa juisi wanayokupa, waitikie wahudumu, na akipita mama mmoja wa Dodoma anayesalimia watu kiti kwa kiti, tafadhali muitikie. Waliokaa mbele si wabaya kwa kukaa mbele. Nimeshawatukana vya kutosha na sasa nawaomba radhi, hata yule wa gazeti.

Ninachosema ni kwamba unyenyekevu ninaoujua mimi una mtego. Ulipotamka jana kwamba huna makuu, ulikuwa umejinyoosha mpaka nikaona umekuwa mrefu kuliko baba yako. Ukimpa Salma kile kiti, ataketi pale akijua kila mtu anajua ni chako. Atakula chakula cha kwako, atalala kwenye zawadi ya kwako, na akishuka India atakuwa na deni ambalo halilipiki kwa sababu hukumkopesha. Yeye hakukuomba kiti. Amepoa kwa sababu anaona unakwenda mahali ambapo yeye hana kazi nawe.

Na kazi anayo. Hapa ndipo nilipotaka kufika, nawe usinikasirikie.

Juzi nilikusikia ukimuuliza baba yako kama ndege ina injini ya akiba. Akakujibu kwa maelezo marefu, nawe ukauliza tena swali lile lile. Usiku wa kuamkia leo umetoka nje mara nyingi, ukasema ni joto. Hapakuwa na joto, mwanangu, upepo wa Dodoma ulikuwa unapeperusha mabati. Unaogopa. Unaogopa kupaa, na unaogopa kukaa peke yako kule mbele katikati ya watu usiowajua, usiku kucha juu ya maji. Hujamwambia mtu, kwa sababu wewe ndiye uliyeongoza darasa, wewe ndiye mwenye tiketi kubwa, na mtaa mzima unakuimba. Ukaona afadhali uwe mtu wa kutoa, maana anayetoa haulizwi kama anatetemeka.

Salma haogopi. Amerithi kwa mama yake. Salma angekushika mkono kuanzia Dar mpaka India na kukusimulia upuuzi mpaka ukalala, na angeshuka kwenye ndege ile akitembea kifua mbele. Lakini hajui kama unahitaji mkono.

Basi mwambie. Usingoje mfike ndani. Mkiwa bado uwanjani, mvute pembeni umwambie unaogopa na hutaki kukaa bila yeye. Halafu nendeni wote wawili kwa wahudumu, muombe kama yule atakayekuwa jirani ya Salma anaweza kubadilishana nawe. Akikubali, kiti cha mbele kimekwenda kwa mtu msiyemjua, mwacheni akanyooshe miguu yake. Wakikataa, kaa pale mbele ulie kidogo kama utalia, na taa ya mikanda ikizimwa nenda nyuma ukamtafute rafiki yako. Mjomba Ndahani akiuliza kiti kilikuwaje, niachie mimi. Namjua tangu anatambaa.

Nikikufikiria mmebanana huko nyuma, karanga zimemwagika kwenye blanketi, mnacheka mpaka watu wanawageukia, nasikia raha ambayo sijui niiweke wapi. Mnakwenda, jamani. Sisi tulikwenda kuleta mapazia, nyinyi mnakwenda kuleta elimu, na hakuna atakayeiweka kwenye mizani. Nimefurahi mpaka leo, kabla sijashika kalamu, nimempa mteja chenji kubwa kuliko pesa aliyotoa.

Nasikia sauti ya Mama Salma anakuja, kwa hiyo nimalize. Barua hii nitaiweka chini ya mto wako, uisome leo na si kesho.

Ni kwa sababu ya kesho. Kesho stendi nitajifanya hodari. Nitahesabu mabegi, nitagombana na kondakta, nitawaambia watu kwamba mimi sina wasiwasi, mwanangu ni mkubwa. Nimeshawaambia hayo wote walioingia dukani leo, na wamenisifu. Ni uongo mtupu. Sijui nyumba hii itakaaje bila wewe, na sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, siku zote nimekupa tu. Leo nakuomba. Kabla hujapanda basi, hata nikikuambia wahi kiti, hata nikikusukuma, usinisikilize. Rudi unishike.

Mama yako